Mwaka Niliomwogesha Wifi Yangu

Habuba alipokufa, mimi ndiye niliitwa kuongoza kumwosha. Habuba si jina lake, ni nyanya kwa Kinubi, na hapa Kitale nyuma ya msikiti kila mtu alimwita hivyo, hata watu ambao si Wanubi, hata yule mzee wa kuuza makaa ambaye hakuwahi kuingia msikitini. Tulikuwa wanne ndani ya chumba, na wawili kati yetu ni wasichana wa juzi ambao hawajawahi kushika maiti. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini aanze kujifunza nini kwanza. Nikamwambia vile Habuba aliniambia mimi, kwa chumba hicho hicho: maji yasiwe ya moto kushinda mkono wako, anza upande wa kulia, mfunike kila wakati, usiongee ya dunia, na ukitoka kwa huo mlango, ulichoona ni sanda peke yake. Hiyo ya mwisho nilipoisema nikasahau kumwaga, mtungi uko mkononi. Wale wasichana walidhani ni huzuni, na huzuni ilikuwako. Tukamaliza, tukampaka kafuri, tukamfunga, wanaume wakamchukua. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikirudi kwa mwaka mmoja, karibu miaka ishirini imepita, wakati maneno hayo ya Habuba yaliniweka mahali pagumu. Nimeona afadhali niuandike kwa hiki Kiswahili changu cha masomo ya jioni.

Mwaka huo nilikuwa mama wa mtoto mmoja, Idi, ambaye ndiyo alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Tulikaa chumba kimoja, na ukuta wetu mmoja ndio ulikuwa ukuta wa jikoni ya Habuba, kwa hivyo nilijua siku ambayo anakaanga vitunguu na siku ambayo hana mafuta. Hamisi, mume wangu, alikuwa akiendesha trekta kwa mashamba ya mahindi huko Endebess, anarudi Ijumaa akiwa na udongo mpaka kwa masikio. Jioni zangu nilizipeleka shuleni. Ilikuwa darasa la watoto wa shule ya msingi, sisi watu wazima tumekaa kwa madawati madogo, magoti yamefika kifuani, Idi amelala juu ya leso karibu na miguu yangu, mwalimu anatufundisha sehemu za desimali kama watu wanaoelewa. Nilikuwa mwanamke peke yangu safu ya mbele. Nikitoka hapo, kabla sijaingia kwangu, nilipitia kwa Habuba. Alikuwa ananiwekea gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi, na chai ya tangawizi ambayo inachoma koo. Alipenda nimsomee chochote, hata karatasi iliyofungia sukari. Siku moja akaniambia mwenzake wa kuosha amehamia kwa mtoto wake na yeye mikono imeanza kutetemeka, kwa hivyo anataka mtu mwenye moyo uliotulia. Nikamwambia moyo wangu haujatulia. Akasema, "Utatulia ukishika maji."

Kwa hivyo nikaanza kuosha. Wa kwanza alikuwa mzee sana na hakunitisha. Baada ya miezi kadhaa tukaitwa kwa mama mmoja wa hapa mjini. Huyo sitamtaja, na pia sitasema alikuwa akifanya kazi gani wala nyumba yake ilikuwa wapi, na watu wa Kitale wakijaribu kukisia watakosea. Nitasema tu kile ambacho bila hicho hii hadithi haina maana. Habuba alipotoa nguo upande mmoja, kulikuwa na kitambaa kimefungwa juu ya titi. Kitambaa kilikuwa safi, tena kimepigwa pasi, mikunjo bado inaonekana. Chini yake titi lilikuwa limekauka na kuwa gumu kama udongo wa kiangazi, ngozi ina vijishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa, chuchu imevutwa ndani mpaka haionekani, na pembeni kidonda. Chini ya kwapa kulikuwa na vitu kama mawe madogo. Habuba hakusema neno. Aliosha pale polepole kuliko pengine pote, kama mtu anayeosha uso wa mtoto. Mimi nilikuwa nafikiria ile pasi. Huyo mama alikuwa anawasha makaa, anapiga pasi kitambaa, anajifunga, anavaa, anatoka kusalimia watu.

Nje, kwa matanga, wanawake walikuwa wanapakua pilau. Mmoja akasema, "Ni kifua tu. Si alikuwa anakohoa tangu mvua ianze?" Mwingine akasema ni homa ya mapafu, dada yake alikuwa hivyo hivyo. Mwingine akauliza Habuba, na Habuba akasema Mungu anajua, akaomba chumvi. Nikaona vile habari inavyotengenezwa. Wale wanawake wote, na walikuwa wengi, wa kunyonyesha na wa kuzeeka, walienda nyumbani wakijua wajikinge na baridi. Sikumlaumu Habuba, na hata leo simlaumu. Mwili wa mtu aliyekufa hauwezi kujifunika wenyewe, unamtegemea yule aliyeshika maji, na mimi zamu yangu ikifika nitataka niachwe na siri zangu hivyo hivyo. Lakini pilau ile sikuimaliza.

Tulifunga Ramadhani, sikukuu ya Idi ikapita, na siku chache baadaye ikafika habari kwamba Rukia ameanguka. Rukia ni dada mkubwa wa Hamisi, yuko Bungoma, na ndiye aliyemlea. Alikuwa na kibanda cha chai karibu na soko, chai na mandazi, na alijulikana kwa mdomo kama kwa mandazi. Aliteleza kwa maji ya sabuni mbele ya jiko lake akaangukia upande wa kulia, kifundo cha mkono kikavunjika, wakamfunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Watoto wake wote walikuwa mbali. Hamisi akaniangalia tu, hakuomba, na mimi nikafunga leso zangu, nikamwambia mwalimu wa jioni nitakosa, nikambeba Idi nikaenda.

Nyumba ya Rukia ilikuwa ya vyumba viwili, na cha mbele kilijaa viti vya kibanda ambavyo alikuwa anaingiza ndani jioni, kwa hivyo ulikuwa unapita kama mtu anayeruka mitaro. Harufu ya iliki ilikuwa imeingia hata kwa mito. Asubuhi mapema nilikanda unga na yeye amekaa juu ya gunia la sukari ananiamrisha kwa ule mkono mzima. "Kanda, wifi. Huo unga haukukosea, usiubembeleze." Nikikata mandazi zikatoka na ncha ndefu, alikuwa anasema ati watu wa Kitale wanakula mandazi za kuchomea watu. Wateja walizinunua tu kwa sababu walikuja kumsikia. Jirani yake wa biashara alikuwa Mama Nekesa, Mkristo wa kanisa la kule chini, muuza mboga, na hao wawili walikuwa wanagombana kutoka asubuhi mpaka jioni kwa upendo. Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa mtama na samaki wadogo wa kukaushwa, na Rukia alikula na mkono wa kushoto akiomba msamaha kila tonge.

Kuoga ndiyo ilikuwa kazi. Plasta haikutakiwa kuguswa na maji. Bafu ilikuwa ya mabati, nyuma ya nyumba, bila paa, na jiwe moja la kusimama. Nilimfunga ule mkono na mfuko wa nailoni, nikamkalisha kwa stuli, naye akauinua akaulaza juu ya ukingo wa mabati kama mtu anasimamisha gari. Mimi nikamwaga maji na kikombe. Siku ya tatu au ya nne akasema:

"Wifi, mbona kila siku unaanza na upande wa kulia, halafu unarudi kushoto, hata hukosei?"

"Ni mazoea."

"Mazoea ya wapi? Wewe unaniosha kama maiti bana."

"Maiti haiongei hivi."

"Ngoja nikufe. Utaona vile nitaongea."

Nilicheka mpaka maji yakamwagika kwa miguu yangu. Na ni hapo nikicheka, nimeinama kuokota sabuni, ndiyo niliinua macho nikaona. Mkono ule ukiwa juu, ngozi chini ya titi la kulia ilikuwa imeingia ndani, kishimo kidogo, kama vile godoro huingia ukilishona kifungo. Chuchu ilikuwa imegeuka upande na kulala ndani, na ile nyingine iko sawa. Hapakuwa na kidonda, hapakuwa na wekundu. Nikamwambia ashushe mkono kidogo, apumzike. Akaushusha, na kile kishimo kikapotea kabisa. Akauinua, kikarudi.

"Hii ni nini, wifi?" nikamwuliza.

"Wapi?"

"Hapa. Ukiinua mkono ngozi inavutwa."

Akajaribu kuangalia chini, kidevu kikagusa kifua. "Si ni kuanguka. Niliangukia huu upande wote. Hata mbavu ziliniuma wiki mzima."

"Inauma?"

"Haiumi. Imepona hiyo."

"Na chuchu?"

"Chuchu imefanya nini?"

"Imeingia."

"Ah, hiyo ilianza kitambo, kabla ya mfungo. Ni uzee. Nimenyonyesha watoto sita hapo, hata wewe ungechoka ungelala."

Nikaendelea kumwaga maji. Kabla ya mfungo. Lakini alikuwa ameanguka baada ya sikukuu ya Idi. Kuanguka hakuwezi kurudi nyuma kukaanza kazi kabla. Nilimpangusa, nikamvalisha dera, nikamfungulia nailoni, na mikono yangu ilikuwa imetulia vile Habuba alisema, ila ndani nilikuwa naona kitambaa kilichopigwa pasi.

Siku zilizofuata nilijaribu kwa njia ya kawaida. Nikamwambia twende aangaliwe. Akasema siku ya kutoa plasta inakuja, watamwangalia mkono na hiyo kwa pamoja, kwa nini kupanga foleni mara mbili. Nikamwambia nilihisi kwa vidole, nilipokuwa nampaka sabuni, mahali pagumu ndani, hapasogei. Akasema ni damu ya kuanguka imelala. Tatizo ni kwamba alisema wazi, kibandani, na Mama Nekesa alikuwa pale na sukuma wiki zake.

"Damu ikilala inakandwa," Mama Nekesa akasema. "Maji moto na chumvi, jioni na asubuhi. Nitakuletea mama mmoja anajua kukanda."

"Asikande," nikasema.

Wakaniangalia wote wawili. Mimi ndiye mdogo hapo.

"Huyu amesoma masomo ya jioni," Rukia akamwambia, "sasa ni daktari wa jioni."

"Hospitali watakata," Mama Nekesa akasema, na hapo hakuwa anacheka. "Kuna mmoja wa kule Malakisi, walimkata nyonyo, hakumaliza mwaka. Kisu ndicho kinaamsha hiyo kitu. Ukiiacha inalala tu na wewe."

Mteja mmoja, mwanamume, alitoka na chai yake akaenda kunywea nje. Rukia alikuwa anahesabu mandazi zile zile mara ya pili. Nikajua sasa kwamba alikuwa amefikiria hayo yote kabla yangu, na ile habari ya kuanguka alikuwa ameishika kwa nguvu kwa sababu kuanguka kunapona. Mtu akivunjika mkono anafungwa plasta, inatolewa, anarudi kwa jiko. Mimi nilikuwa nataka kumwondolea hiyo habari nzuri, na mkononi sikuwa na kitu cha kumpa isipokuwa kitu kimoja ambacho si changu. Yule mama tuliyemwosha, Rukia alimfahamu. Ningesema jina lake tu.

Nikaenda kutafuta simu. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa za watu wachache, na sisi wengine tulipanga foleni kwa simu ya jamii, kibanda cha mbao chenye msichana mwenye kuangalia saa. Nilipiga dukani karibu na msikiti, mwenye duka akamtuma mtu, nikakata, nikangoja, nikapiga tena. Nyuma yangu kulikuwa na watu, na katika kibanda kile huwezi kunong'ona.

"Habuba, shikamoo. Ile kitu tuliona ile siku."

"Marahaba. Kitu gani?"

"Ile siku ya wewe na mimi. Wifi yangu anayo. Ndogo, lakini ni hiyo."

Nikasikia duka lile, mtu anaomba kiberiti.

"Nataka ruhusa nimwambie," nikasema. "Asipojua nani alikuwa nayo, haendi."

"Mimi nimeosha watu tangu hujazaliwa," Habuba akasema. "Sijaona kitu kwa mtu hata mmoja. Na wewe hujaona."

"Habuba, huyu yuko hai."

"Namwombea. Na wewe hujaona, Mama Idi."

Msichana akanigusa bega, saa imeisha. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kwa huruma kama ni mambo ya wizi. Nikamwambia si wizi, nikarudi sokoni nikanunua unga, kwa sababu nilitumwa unga.

Alasiri nilikaa kwa mkeka baada ya kuswali na sikuinuka. Sikuota, sikusikia sauti. Mimi si mtu wa kusikia sauti. Niliomba tu nisiwe mtu wa kuvunja amana, na nisiwe mtu wa kumwacha wifi yangu apige pasi vitambaa, na nilijua ninaomba vitu viwili vinavyovutana. Idi alikuja akanipanda mgongoni kama farasi. Nikaamka, nikapika.

Kesho yake tukaingia bafu kama kawaida. Nikamfunga nailoni, akaweka mkono juu ya mabati. Nikamwaga maji upande wa kulia.

"Wifi, nataka twende leo. Si siku ya plasta. Leo."

"Umeanza tena."

"Nimeona mtu akiwa na hivi."

"Nani?"

Nikachota maji.

"Nani, wifi? Kama ni mtu wa Kitale mimi namjua. Hakuna mtu Kitale mimi sijui."

"Siwezi kusema."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi."

Alinitazama. Rukia alikuwa na macho ya kupima mteja kama atalipa. Akashusha ule mkono polepole, nailoni ikatoa sauti, akauweka kwa magoti.

"Ni Habuba amekufunza hivyo," akasema.

Nikachovya kikombe kwa maji.

"Basi huyo mtu alikufa."

Nikaangalia kikombe. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwa nywele zake, yanaingia kwa nyufa za lile jiwe. Nje Mama Nekesa alikuwa anaita wateja, sukuma, sukuma, na Idi anamwiga. Ngozi ya Rukia ikasimama kwa baridi.

"Alikuwa anaumwa sana?" akauliza.

Hilo pia sikulijibu, na naamini hilo ndilo lililofanya kazi. Nimefikiria mara nyingi. Kama ningetaja jina, angepata la kubishia. Angesema yule alikuwa na kifua, yule alikuwa mnene, yule alirogwa na mke mwenzake. Mtu asiye na jina huwezi kumtafutia sababu. Alibaki yeye na kishimo chake na mimi na mdomo wangu uliofungwa.

"Nipe leso," Rukia akasema. "Na uende umwambie huyo mwanamke mwenye kelele auze mandazi zangu za leo. Asile zote."

Hospitalini tulikaa kwa benchi mpaka jua likahama dirisha. Daktari alikuwa kijana, na Rukia alikataa kufungua nguo mbele ya mtu ambaye angeweza kuwa mtoto wake, kwa hivyo tukapewa muuguzi wa kike, mama mzima, mwenye sauti ya mwalimu wa watoto. Alifunga pazia. Hakukimbilia kushika. Alimwambia Rukia akae wima na aangalie mbele, halafu ainue mikono yote miwili, hata wenye plasta, halafu aiweke kiunoni na kubana, halafu ainame mbele. Kila mara alikuwa anatazama tu, titi hili na hili, kama mtu anayelinganisha pande mbili za nguo kama zimeshonwa sawa. Baadaye ndiyo akamlaza, akashika kwa tumbo la vidole, kwa mzunguko, mpaka chini ya kwapa, mpaka juu karibu na mfupa wa shingo.

"Nani aliona kwanza?" akauliza.

"Huyu," Rukia akasema. "Ananiogesha."

"Uliona uvimbe?"

"Hapana," nikasema. "Niliona ngozi inavutwa akiinua mkono. Na chuchu."

"Wengi wanangoja uvimbe," yule muuguzi akasema, akinawa mikono. "Na ukija, wanangoja maumivu. Mara nyingi hauumi, ndiyo shida yake. Wengine hawashiki kitu chochote, wanaona tu ngozi imekuwa nzito, ama nyekundu, ama chuchu imebambuka na haiponi, ama inatoa maji au damu na hawanyonyeshi. Titi moja limebadilika na mwenzake hajabadilika, hiyo peke yake inatosha kuja."

"Kwa hivyo ni kansa," Rukia akasema. Alilitaja yeye kwanza. Mimi sikuwa nimeweza kulitaja siku hizo zote.

"Sisemi ni kansa. Vitu vingi vya matiti si kansa, mama. Ninasema hii haiendi nyumbani bila kupimwa, na haikandwi, na haiwekwi chumvi."

Rukia akanitazama. "Daktari wa jioni," akasema, lakini alikuwa ameshika leso yangu, si yake.

Ilikuwa ndiyo hiyo. Alitumwa Eldoret, akachomwa sindano ya kuchukua kipande kidogo cha nyama, tukangoja, na majibu yakaja ni kansa, na kwamba haijaenda mbali. Sitayaeleza yote ya miezi ile kwa sababu mengi yalikuwa kungoja kwa benchi. Walimtoa titi la kulia na zile tezi za kwapa. Plasta ilikuwa imetolewa kitambo na hakuna aliyekumbuka hata kusherehekea. Halafu dawa, ile ya mshipa, nywele zikaisha, akawa anajifunga kilemba na kusema sasa anapendeza kama mzee wa Sudani. Kulikuwa na siku ambazo alitazama ukuta tu, na mimi nakanda unga bila kuamrishwa, na hizo ndizo siku nilizoogopa. Hamisi alikuja akakaa kwa mlango wa chumba na kofia yake mikononi, hajui aweke wapi macho. Rukia akamwambia, "Ingia, mimi bado ni dada yako. Sijapunguzwa undugu." Masomo ya jioni yalinipita mwaka huo. Niliyarudia mwaka uliofuata, dawati lile lile.

Haya ya Rukia nayaandika kwa ruhusa yake. Sasa ni nyanya mwenye wajukuu wengi, bado yuko Bungoma, na amesema nikimficha jina atapanda mpaka Kitale anitafute. Yule mwingine hakuwahi kuniruhusu, na hakuna siku nitamwuliza, kwa hivyo atabaki bila jina. Na Habuba, hatukuwahi kuongea tena juu ya ile simu. Nilirudi nikamkuta, akaniwekea gurusa, nikamsomea karatasi ya sukari. Lakini miaka ya mwisho mwisho msichana akienda kwake na neno la titi, alikuwa anamwambia, bila kueleza, nenda kwa Mama Idi akuangalie. Na mimi niliendelea kuosha naye, nikiwa sijaona kitu kwa mtu yeyote, na baada ya darsa ya dini ya wanawake nafunga mlango nawaambia walio hai habari za walio hai.

Lakini hiyo ilianza siku ya Bungoma, Rukia alipomaliza dawa na wanawake wakaja kumpa pole. Walikuja Waislamu na Wakristo, wamejaa kwa chumba cha mbele, wamekalia vile viti vya kibanda, kila mmoja na kitu, mayai, sukari, ndizi. Habuba pia alikuwa ameshuka kutoka Kitale, amekaa karibu na mlango kwa mkeka, tasbihi mkononi. Wanawake walikuwa wanaongea kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Waliongea bei ya unga. Waliongea harusi. Na macho yao yote yalikuwa yanapita kwa kifua cha Rukia haraka haraka na kurudi kwa chai.

Rukia akaniambia nifunge mlango. Halafu akafungua vifungo vya dera.

"Angalieni vizuri," akasema. "Mkitoka hapa mtaulizana, na Mama Nekesa atawadanganya."

Pale palikuwa bapa, mshono mmoja mrefu, umepona vizuri. Habuba aliangalia chini kwa tasbihi yake, kidole kimesimama kwa punje moja, halafu nikamwona akiinua uso na kuangalia na yeye, kama wengine. Rukia akawaambia yote, kile kishimo, chuchu iliyolala, vile alivyosema ni kuanguka, vile haikuuma. Akawaonyesha kwa titi lililobaki vile wanatakiwa kuinua mikono. "Sasa kule chumbani kuna kioo," akasema. "Kila mtu aende mara moja, nyuma ya pazia, aangalie. Sitaki pole ya sukari, nataka hiyo."

Walicheka kwanza. Mama Nekesa ndiye alienda wa kwanza, kwa kelele, akatoka akifunga blauzi na kusema zake ziko sawa, zimechoka tu na mumewe Wafula. Wakaenda wengine, mmoja mmoja, wanatoka wakijipangusa aibu, wanakaa. Chai ikapoa. Wa mwisho alikuwa mke wa kijana wa jirani, bibi harusi wa juzi, mwembamba, hina bado iko kwa kucha, alikuwa amekuja tu kwa sababu mama mkwe wake alimleta. Aliingia nyuma ya pazia. Tukaongea kidogo. Tukangoja. Yule msichana alikuwa hajatoka.

Rukia akanitazama, akanionyesha pazia kwa kidevu.

Nikaingia, nikalirudisha nyuma yangu. Alikuwa amesimama mbele ya kioo bila kulia, mkono mmoja bado uko juu, na kidole cha ule mwingine amekiweka mahali pamoja kwa titi, ananingoja nije nione.